Kamani Iliyonifikisha Aija

Kamani ya bastola ya mume wangu ilivunjika siku kumi na moja kabla ya harusi ya mwanangu Khalfan. Ndiyo sababu nilitoka Samail, nikapita Nizwa, Mudhaibi na Ibra, na mwisho nikagonga mlango mmoja wa Aija ambao niliapa sitaugonga maisha yangu. Ndugu zangu wa Unguja wameniomba niandike yote kama yalivyokuwa, kwa sababu kila mmoja wao amesikia kipande tu.

Kwanza niwaeleze bastola yenyewe. Si ya kale. Imetengenezwa Italia kwa mfano wa zile za zamani zilizokuwa zikitiwa baruti na fataki, mashimo sita kwenye silinda, mpini wa mti wa rangi ya asali. Suud, mume wangu, ana karatasi yake ya ruhusa, na bastola hufungiwa kabatini mwaka mzima ila siku za furaha. Hapo hutiwa baruti tupu bila risasi, na Suud husimama mbele ya wanaume wa ukoo akapiga mara sita. Alipiga alipozaliwa Khalfan. Alipiga Khalfan alipomaliza chuo. Kila mtu Samail alijua kwamba siku Khalfan akioa, babake atapiga.

Kamani ni ule utepe wa chuma ndani ya mpini unaoirusha nyundo. Suud aliifungua bastola kuisafisha, akavuta nyundo kujaribu, ikalia tak, nyundo ikalala kama ulimi wa mgonjwa. Akatoa vipande viwili. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umetiwa plasta tangu alipoanguka ngazini akipunguza makuti ya mtende, kwa hiyo kuendesha gari hawezi.

Nikamuuliza, "Itapatikana wapi nyengine?"

Akasema bila kunitazama, "Shinuna anazo."

Shinuna ni mkewe wa kwanza. Walikaa miaka kumi na miwili bila ya mtoto, wakaachana, yeye akarudi kwao Aija, ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari wa Sur. Mimi niliolewa mwaka uliofuata. Kwa miaka ishirini na saba jina hilo halikutajwa ndani ya nyumba yangu, na sasa lilitajwa mchana kweupe, juu ya meza yangu, na ulimi haukumkwama. Nikavifunga vile vipande ndani ya leso, nikamwambia, "Oman hii ina mafundi wengi. Nitaitafuta mwenyewe."

"Zeyana," akaniita.

"Nitaitafuta," nikasema.

Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, tuliondoka Samail. Nasema tuliondoka kwa sababu nilikwenda na Mwanahamisi, mwanamke wa Pangani anayefanya kazi nyumbani kwangu mwaka wa sita sasa. Sikutaka kwenda peke yangu, na sikutaka kwenda na mtu wa ukoo atakayerudi na maneno. Mwanahamisi ana sifa moja: huuliza swali mara moja tu, akijibiwa vibaya huangalia dirishani.

"Mama Khalfani," akaniuliza tulipopita Izki, "kwani huyo mwenye nazo yuko mbali sana?"

"Mbali," nikamjibu.

Akaangalia dirishani.

Nizwa tulifika soko linafunguliwa. Nyuma ya ngome, kwenye vichochoro vya wauza majambia na fedha, kuna duka la mzee mmoja aliyezaliwa Wete, Mzee Nasor, ambaye watu humpelekea bunduki za kurithi kuzisafisha na kuzitia nakshi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akafurahi kusikia Kiswahili mapema namna ile. Akatuletea kahawa na tende kabla ya kuuliza shida yetu. Nilipofungua leso, akavaa miwani na kuvipanga vile vipande viwili kwenye kiganja.

"Hii si ya bunduki zetu," akasema. "Hizi bunduki za kale kamani zake ninazo, tizama." Akavuta droo imejaa vyuma. "Lakini nene, na zimepinda upande mwengine. Yako ni ya hizi bastola za kuigizwa. Kuagizia Italia kunataka kibali, tena uingojee."

"Harusi ni wiki ijayo. Huwezi kuniundia wewe?"

"Mimi natia fedha, naunda mpini. Chuma cha kamani kinataka mkono mwengine." Akafikiri. "Zamani alikuwapo mwanamke, mtoto wa fundi wa Aija. Akija hapa na mumewe, anakaa kiti kile, tupa ya kusugulia chuma mkononi, anaunda mwenyewe. Sijapata kuona mkono kama ule."

Nilikitazama kiti. Kilikuwa kiti cha mbao, cha kawaida kabisa, na nikakichukia.

"Na mumewe?" nikauliza. "Naye fundi?"

Mzee Nasor akacheka. "Mumewe alikuwa hajui hata msumari. Akikaa pale nje, kivulini, na kikombe chake cha kahawa, akimngoja. Saa mbili, saa tatu, hachoki. Akitoka, humbebea mkoba."

Suud hajapata kuningoja mimi nje ya duka lolote. Nikiingia kununua kitambaa, yeye hubaki garini anapiga honi. Nikauliza, najua sikutakiwa kuuliza, "Mume mwenyewe siku hizi yuko wapi?"

"Nasikia alioa mwanamke mwengine, wa mjini Unguja. Wa mjini hawajui haya mambo."

"Hawajui," nikasema, nikafunga leso yangu.

Nje, Mwanahamisi akatembea nyuma yangu mpaka garini. Kilichonichoma hasa ni kwamba Suud aliniambia, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kwamba kamani ile aliiunda kwa mkono wake mwenyewe. Nilimsifu. Niliwaambia na shoga zangu. Miaka yote bastola ikilia, nilikuwa nikijivunia mkono usiokuwapo.

Mchana tulishika njia ya Mudhaibi. Hapo yupo binamu yake Suud, Hemed, mwenye duka la vifaa vya kilimo, na mimi nilikumbuka kwamba yeye na Suud walinunua bastola zao pamoja, za aina moja. Nilijiambia Hemed ataniazima kamani yake kwa siku moja, nami nitarudi nyumbani bila kumwona mtu.

Hemed alitupokea vizuri. Mkewe alikuwa Maskati kwa binti yao, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyetupakulia wali na papa, akiomba radhi kwa chumvi. Baada ya chakula alilifungua kasha, akaitoa bastola ikameta. Akavuta nyundo na kuiachia, akaivuta tena. Ile sauti yake safi ilinipa wivu, wallahi, wivu wa chuma.

"Niazime kamani yako, Hemed," nikamwambia. "Siku moja tu. Wewe unajua mambo ya Suud na mwanawe."

Hemed akaiweka bastola chini. "Shemegi, omba chochote. Omba gari. Kamani hii nikiitoa na ikavunjika, sitapata nyengine. Yule hamtengenezei mtu tena, macho yamemwisha."

"Yule nani?"

Akaifungua skrubu ya mpini, akanionesha. Chini ya utepe, pale unaposhikiwa, palikuwa na vitone viwili vidogo vilivyogongwa kwa ncha ya chuma. "Alama yake," akasema. "Kila aliyoiunda ina vitone viwili."

Nikatoa leso. Nikakisugua kile kipande cha chini kwa kidole, kutu ikatoka, vikaja vitone viwili.

Niliwahi kuangalia ndani ya nguo za mume wangu, katika simu yake, katika droo zake, miaka ya mwanzo, kama wanawake wengi tunavyofanya tukawa hatusemi. Sikupata kitu. Kumbe alama ya mkewe ilikuwa sebuleni kwangu, ndani ya kabati la kioo nililokuwa nikilifuta vumbi mwenyewe kila Ijumaa.

Tulilala Mudhaibi. Asubuhi ya Jumatano Hemed alitutilia maji na matunda garini, na mimi nikamuaga kwa adabu, lakini sikumsamehe.

Ibra tulifika kabla jua halijapanda. Jumatano ni siku ya soko la wanawake, na ndani ya uwanja ule mwanamme haingii. Wanauza udi, nguo, wanja, vyombo, kila mmoja na jamvi lake. Nilikuwa nimesikia kwa Hemed kwamba yuko mjane mmoja, Bi Moza, ambaye mumewe alikuwa fundi wa bunduki, na tangu afe yeye humaliza vyombo vyake kidogo kidogo sokoni. Tulimwona pembeni, baina ya muuza marashi na muuza mashuka, mbele yake tupa, koleo, jiliwa dogo la kubania vyuma, na makopo ya skrubu. Alizungumza Kiarabu na maneno machache ya Kiswahili aliyoyapata kwa majirani.

Nilimuonesha vipande. Akavigeuza, akavipima kwa shibiri kama mtu anayenunua kitambaa.

"Zilikuwapo," akasema. "Vipande vya chuma vya kuundia kamani, alikuwa navyo marehemu. Amevichukua vyote mwanamke wa Aija. Alikuja mwaka jana, akakaa hapo ulipo wewe, akalia."

"Alilia kwa nini?"

"Alimjua marehemu. Tulilia pamoja, kisha akanunua." Bi Moza akanirudishia leso yangu. "Nenda kwake. Ni mtu mwema."

Neno hilo nililisikia vibaya zaidi kuliko yote. Ningeweza kusikia kwamba ni mzuri wa sura. Ningeweza kusikia ni mjuzi. Lakini tangu Nizwa sikukutana na mtu hata mmoja wa kunipa sababu ya kumchukia, na mimi niliihitaji sababu hiyo kama mtu anayehitaji fimbo ya kutembelea.

Nikamwambia Mwanahamisi, "Ingia garini. Tunakwenda Sur."

"Ndiyo, mama," akasema, na akafunga mkanda haraka, nisije nikabadilisha nia.

Njia ya Ibra kwenda Sur ni ndefu na nyoofu, milima ya mchanga ikionekana mbali upande wa kulia, kisha mawe matupu. Niliendesha nikitunga maneno. Nilitunga salamu fupi, baridi kidogo. Nilitunga namna ya kusema "mume wangu" bila kulibana neno la pili. Tulipopita Al Kamil nilikuwa nimeshazitunga mara nne, na kila mara yule mwanamke kichwani mwangu alikuwa mrefu zaidi.

Alasiri tukavuka daraja la Aija. Nyumba za wafanyabiashara wa kale ziko pale pale, nyeupe, milango ya nakshi, mashine za baridi zikining'inia madirishani. Tuliuliza kwa muuza barafu, akatuonesha bila kufikiri.

Mlango aliufungua mwenyewe. Alikuwa mfupi. Amevaa kanga kiunoni juu ya nguo ya nyumbani, miwani nzito, na vidole vyake vilikuwa na mafuta ya mashine. Nilitaka awe mbaya, au awe mzuri mno. Vyote viwili ningevimudu. Alikuwa mwanamke mtu mzima aliyekatishwa kazi yake.

"Shikamoo," nikasema, na salamu yangu ya baridi ikanipotea.

"Marahaba. Karibuni." Akausogeza uso karibu nami ili aone. "Wewe ni Zeyana."

"Unanijuaje?"

"Hemed alipiga simu. Piteni, msisimame juani."

Alitupa chai ya maziwa na vitumbua, na hakuuliza kitu mpaka tumemaliza. Kisha akatupeleka chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa ghala. Jiliwa lilifungwa mezani, tupa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na kulikuwa na kopo la tepe za chuma, zilizokwisha kukatwa na kupikwa moto lakini hazijapigwa tupa.

Nikaifungua leso. Akavishika vile vipande, akapapasa kwa ukucha, akavigusa vitone. "Imefanya kazi sana hii," akasema taratibu. "Nilidhani ingekufa kabla."

"Alisema aliiunda yeye," yakanitoka. Sikukusudia.

Shinuna akavirudisha vile vipande juu ya leso. "Suud hajui kuunda kitu," akasema, bila ubaya, kama mtu anayesema fulani hali pilipili. "Lakini alinibebea taa miaka kumi na miwili. Hilo alilijua."

Nilitaka kuchukua kamani niondoke. Lakini akasema, "Iliyokamilika sina. Na mimi siwezi kuimaliza. Jicho moja limeshapasuliwa, jengine linangoja zamu. Utaimaliza wewe."

"Mimi sijapata kushika tupa."

"Umekuna nazi?"

"Nimekuna."

"Basi usifanye kama unakuna nazi. Sukuma, nyanyua, rudi. Ukirudi, usiguse."

Akanifunga kanga yake nyengine kiunoni, akaubana utepe kwenye jiliwa, akanikabidhi tupa. Nikasukuma. Tupa ikapiga kelele, ikateleza, ikanikwaruza kidole. Mwanahamisi akacheka, kisha akageukia ukuta. Shinuna akaweka mkono wake juu ya wangu. Mkono ulikuwa mkavu na mzito. Akasukuma nami mara tatu, akauondoa.

Tulifanya kazi mpaka karibu na magharibi. Kila baada ya muda akiupapasa utepe, akisema, "Hapa pana tumbo," au, "Umekula sana kushoto." Na nikiwa nimeinama, sioni uso wake, ndipo alipoanza kuuliza.

"Bibi harusi anaitwa nani?"

"Nawal."

"Watu wa wapi?"

"Wa Bidbid. Baba yake mwalimu."

Tupa inakwenda. Kisha, "Khalfan bado ana pumu?"

Nikainuka. "Nani alikwambia ana pumu?"

"Watu husema."

"Ilimwisha akiwa na miaka tisa."

"Alhamdulillahi." Akaipapasa kamani. "Alizaliwa mwezi wa pili, siku ya mvua, hata barabara ya Samail ikakatika."

"Na hilo pia watu walikwambia?"

"Hilo nilihesabu mwenyewe," akasema. "Bibi harusi umesema anaitwa nani?"

"Nawal."

Nikainama tena, kwa sababu sikujua niuweke wapi uso wangu. Miaka ishirini na saba nilikaa Samail nikiogopa kwamba yuko mahali fulani anaukumbuka mlango wangu, na kweli alikuwa akiukumbuka, ila hakuwa akimfikiria Suud. Alikuwa akihesabu umri wa mtoto. Ningekuwa mtu mkarimu, hapo roho yangu ingelainika. Haikulainika. Niliona wivu mpya, kwamba hata mwanangu alikuwa na kipande chake Aija.

Kamani ilipokaa sawa, akachukua ncha ya chuma na nyundo ndogo, akatafuta kwa kidole mahali pa vitone vyake. Nikamshika mkono.

"Usiigonge," nikamwambia. "Hii nimeiunda mimi."

Nilisikia jinsi nilivyosema. Mwanahamisi akageukia ukuta. Shinuna akaiweka nyundo mezani, polepole.

"Kweli," akasema. "Hii yako."

Tulilala kwake. Alhamisi asubuhi alitufungia kamani ndani ya kitambaa chenye mafuta, akatutilia na samaki wakavu wa nyumbani. Pale mlangoni alisimama, akangoja. Nilijua anachongoja. Kadi za harusi zilikuwamo ndani ya gari, kwenye kisanduku cha mbele, nne zilizobaki bila majina. Nikamshukuru. Nikamwambia Mungu amlipe. Nikaingia garini nikavuka daraja.

Al Kamil tulisimama kutia petroli. Mwanahamisi alikuwa hajasema neno tangu Aija.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Sina kitu, mama." Kisha akageuka, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiendelea bila ya kuulizwa. "Jana ulipokuwa unaoga, yule mama aliniomba nimpigie pasi nguo yake ya kijani, kwa vile yeye haoni mikunjo. Nikamuuliza, hii ya wapi? Akasema ya harusi, huenda nikaalikwa. Nikaipiga pasi. Nimeitundika mwenyewe nyuma ya mlango."

Mfanyakazi wa petroli akagonga dirisha, nikamlipa. Nikakaa na mikono juu ya usukani. Mbele yangu kulikuwa na kibao, mshale wa Ibra upande mmoja, wa Sur upande mwengine. Nikageuza gari.

Nilipogonga, alifungua haraka mno, kama hakuwa ameondoka mlangoni. "Umesahau kitu?" akaniuliza.

"Nimesahau." Nikampa kadi. Nilikuwa nimeandika jina lake juu yake nikiwa garini, na herufi zilikwenda upande. Sikusema maneno mazuri. Nilisema, "Alhamisi ijayo, baada ya alasiri. Mwanahamisi atakupokea mlangoni."

Akaisogeza kadi karibu na miwani, akaisoma yote, hata jina la ukumbi. "Nitaangalia kama kuna gari," akasema.

"Gari nitaleta," nikasema, na nikaondoka kabla sijajuta.

Samail tulifika adhuhuri imekwisha. Suud alikuwa barazani na kiti chake, macho njiani. Nikaiweka kamani kwenye kiganja chake. Akaigeuza, akaitafuta alama, hakuiona.

"Nani ameunda?"

"Mimi."

Akanitazama, akaona kidole changu kilichofungwa kitambaa, akajua nilikuwa wapi.

"Uliniambia uliiunda wewe, ile," nikasema. "Miaka yote hii."

Suud hakutafuta njia ya kukwepa. "Uliniambia wiki ya kwanza ya harusi yetu," akasema, "jina lake usilisikie tena ndani ya nyumba hii. Wiki ya pili ukaniuliza nani fundi wa bastola. Ningesemaje, Zeyana?"

Nilikumbuka kweli nilisema hivyo, nimesimama kwenye mlango wa jiko, mdogo, na nimevimba kwa hofu. Uongo ule nilimpa mimi mwenyewe, akaubeba kwa ajili yangu. Nikaingia ndani nikamletea bisibisi.

Siku ya harusi wanaume walikusanyika uwanjani mbele ya ukumbi baada ya sala ya alasiri, kwa ruhusa iliyoombwa mapema. Wanawake tulikuwa ndani. Shinuna alikuja na nguo yake ya kijani. Alikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu asiyetaka kumsumbua anayetaka kupita. Nilimwona, nikashughulika na wageni. Nilishughulika sana. Kisha nikaenda nikamshika mkono, nikamleta mbele, nikamweka kiti cha ubavuni mwangu, na dada zangu wakatazamana.

Bastola ikalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Ikalia ya pili, na ya tatu. Kisha kukawa kimya.

Ukumbi mzima uliendelea kula halwa. Hakuna aliyejua kwamba kimya kile kina maana. Mimi nilijua; niliona ile tupa ikiteleza mkononi mwangu, nikaona tumbo ambalo sikulimaliza. Shinuna alikuwa amenikamata kifundo cha mkono. Alikuwa ameinamisha kichwa, jicho lake lisiloona limefumbwa, anasikiliza uwanja.

"Anabadilisha mkono," akaninong'oneza. "Hufanya hivyo ya nne. Ngoja."

Ikalia ya nne. Ya tano. Ya sita.

Hakuniachia mkono mara moja, na mimi sikuuvuta. Khalfan aliingia na babake anasukumwa kwenye kiti, Suud ananukia baruti, uso unameta jasho. Akatuona tumekaa bega kwa bega, na akasita, hajui amtazame nani kwanza. Nikaona wivu, nisiwafiche, ukaja kama kawaida yake. Lakini Khalfan akawa ameshainama, akanibusu kichwa, kisha akasimama mbele ya mwanamke asiyemjua na akangoja aambiwe ni nani.

"Huyu ni Bi Shinuna," nikamwambia mwanangu, kwa sauti ambayo watu wa karibu waliisikia. "Ndiye aliyenifundisha kuunda kamani. Mwamkie."